Kukua Kazini na Kuishi Vema na Wenzako: Mwongozo kwa Mtaalamu Aliyeajiriwa Dar es Salaam

Katika ofisi nyingi za Dar es Salaam, uamuzi wa kumpandisha mtu cheo hufanywa katika kikao ambacho mhusika mwenyewe hayumo. Waliomo hukumbuka walichokiona, walichosikia na walichokisoma kwenye jalada lake. Na ikiwa hakuna hata mmoja anayeweza kutaja kazi mahususi aliyoifanya ikaleta matokeo, jina lake hupitwa bila ubishi na bila chuki yoyote. Wengi wanaolalamika kwamba wamefanyiwa fitina hawakufanyiwa fitina na mtu. Hawakuwa na wa kuwasemea, au msemaji alikuwapo lakini hakuwa na la kusema.

Mwongozo huu unaeleza namna ya kumpata msemaji huyo na kumpa la kusema. Umeandikwa kwa ajili ya mtaalamu aliyeajiriwa, awe mhasibu wa Posta, mhandisi wa Mikocheni, afisa mikopo wa Kariakoo au mtumishi wa taasisi ya umma iliyobaki jijini baada ya wizara kuhamia Dodoma. Hatua zake zinafuatana, ingawa hazilingani uzito: ya tatu na ya nne, zinazohusu watu, ndizo zinazowashinda wengi, na ndizo zilizopewa nafasi kubwa hapa.

Hatua ya kwanza: Jua unachodaiwa na unachodai

Anza na mkataba. Inashangaza kuona msomi mwenye shahada mbili akifanya kazi kwa miaka kadhaa bila kuurudia mkataba alioutia saini siku alipokuwa na haraka ya kupata ajira. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira yake kwa maandishi, yakiwamo majukumu, mahali pa kazi, saa za kazi, malipo na muda wa mkataba. Kama huna nakala, iombe kwa afisa rasilimali watu kwa barua pepe fupi yenye adabu, tena wakati ambapo hakuna mgogoro wowote, kwa sababu ombi hilo hilo likija baada ya ugomvi husomwa kama maandalizi ya kesi.

Ukiwa na mkataba mkononi, ulinganishe na viwango vya sheria. Saa za kawaida za kazi hazizidi 45 kwa wiki wala 9 kwa siku. Saa za ziada hazizidi 50 katika mzunguko wa wiki nne, nazo hulipwa kwa kiwango cha mara moja na nusu ya mshahara wa msingi. Likizo ya mwaka ni siku 28 mfululizo. Tazama pia hati ya mshahara: mchango wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, kwa mfanyakazi wa sekta binafsi ni asilimia 20 ya mshahara, na sehemu inayokatwa kwako haipaswi kuzidi asilimia 10. Kukatwa ni jambo moja, na fedha kufikishwa kwenye mfuko ni jambo jingine, kwa hiyo kagua taarifa ya michango yako mara kwa mara badala ya kusubiri siku ya kuacha kazi.

Kisha chukua karatasi, uandike upande wa kushoto majukumu yaliyo kwenye mkataba, na upande wa kulia kazi unazozifanya kweli kila wiki. Pande hizo mbili hazifanani karibu katika kila ofisi. Kazi iliyo upande wa kulia tu ndiyo mtaji wako wa kudai cheo; iliyo upande wa kushoto tu ndiyo itakayokuumbua siku ya tathmini. Iweke karatasi hiyo, maana utaihitaji katika hatua ya sita.

Hatua ya pili: Weka kumbukumbu ya kazi yako

Kila Ijumaa kabla ya kutoka, tumia dakika 20 kuandika ulichokamilisha wiki hiyo, nani alikiomba, kilikwenda kwa nani na kilileta badiliko gani. Andika kwa takwimu kila inapowezekana. Sentensi kama «niliboresha ufungaji wa hesabu» haimsaidii mtu yeyote ndani ya kikao, ilhali ukiandika «hesabu za mwezi zilikuwa zikifungwa tarehe 12, tangu Machi zinafungwa tarehe 7, na mkaguzi hakuuliza swali la nyongeza», mkuu wako anaweza kuinukuu kama ilivyo. Weka humo pia shukrani za wateja na za idara nyingine, ukitaja tarehe.

Kwa watumishi wa umma kumbukumbu hii ina kazi ya ziada, kwa kuwa PEPMIS, mfumo wa kupima utendaji wa watumishi uliochukua nafasi ya ule wa OPRAS, unadai kazi ziingizwe na zithibitishwe na msimamizi. Aliyeandika kila wiki hujaza kwa utulivu, na asiyeandika hubuni.

Tahadhari moja ni ya lazima. Andika maelezo yako mwenyewe, usichukue nyaraka. Kujitumia orodha ya wateja au taarifa za wagonjwa kwenye barua pepe yako binafsi kunaweza kukuingiza matatani na mwajiri, na vilevile na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Hatua ya tatu: Mfanye msimamizi wako aweze kukusemea

Msimamizi wako ndiye atakayeingia katika kile kikao, kwa hiyo jiulize swali moja: akiulizwa ghafla kuhusu eneo lako, anaweza kujibu bila kukutafuta? Kila unalolifanya katika uhusiano wenu lilenge hapo.

Chunguza kwanza anavyopenda kupokea taarifa. Wapo wanaotaka ukurasa mmoja uliochapwa uwe mezani kabla ya saa tatu asubuhi, wapo wanaotaka waelezwe kwa mdomo ndipo wasome, na wapo wanaosoma ujumbe wa simu wakiwa kwenye foleni ya Barabara ya Bagamoyo na hawafungui barua pepe hadi jioni. Muulize waziwazi, maana ni nadra bosi kukasirishwa na swali hilo. Halafu mpe muhtasari mfupi mara moja kwa wiki hata kama hakuuomba, wenye mistari mitano au sita: kilichokwisha, kinachoendelea, kilichokwama na unachohitaji kutoka kwake. Muhtasari huu utautoa kwenye kumbukumbu ya Ijumaa, hivyo haukuongezei kazi.

Habari mbaya imfikie kutoka kwako, na imfikie mapema. Mteja akikataa ankara, zabuni ikikwama au takwimu zikionekana na kosa, mwambie siku hiyo hiyo ukieleza kilichotokea, athari yake kwa tarehe au fedha, na unachopendekeza. Bosi aliyeisikia habari ya idara yake kwa mkurugenzi wakiwa ndani ya lifti atasahau mazuri mengi uliyomfanyia, na mimi binafsi simlaumu.

Suala la usafiri linaangukia hapa hapa. Anayetoka Kimara, Mbezi au Kibamba anajua kwamba mvua kubwa ikinyesha Jangwani hujaa maji, na Barabara ya Morogoro huweza kufungwa, mabasi ya mwendokasi yakiwamo. Usisubiri siku hiyo ifike ndipo uanze kutuma ujumbe wa kuomba radhi saa tatu asubuhi. Kabla ya masika kuanza, kubaliana naye kazi zipi unaweza kuzifanyia nyumbani, nani atakushikia zamu na utatoa taarifa kabla ya saa ngapi. Makubaliano ya dakika kumi yanaondoa sifa ya uchelewaji, ambayo mtu akishaipata haimtoki hata akihamia jirani na ofisi.

Kutofautiana na bosi kunahitaji ufundi zaidi. Usimpinge mbele ya watu, wala kwenye kundi la WhatsApp la idara, ambako kila mtu husoma na wachache hujibu. Omba dakika tano faraghani, uanze kwa kuonyesha kwamba umelielewa lengo lake, kisha utaje hofu yako kwa ushahidi: «Lengo nimelielewa, na nitatekeleza utakavyoamua. Wasiwasi wangu ni tarehe, kwa sababu mzigo bado uko bandarini na forodha haijautoa.» Akishikilia uamuzi wake na uamuzi huo si wa kuvunja sheria, tekeleza kwa moyo wote. Kutii kwa kununa kunaonekana kuliko tunavyodhani.

Maelekezo mengi ya ofisini hutolewa kwa mdomo, koridoni au kwa simu, na hapo ndipo chanzo cha lawama nyingi kilipo. Kila unapopewa maelekezo yenye uzito, mrudishie kwa maandishi kwa lugha ya shukrani: «Asante kwa maelekezo ya leo. Nilivyoelewa, nitaandaa rasimu ya bajeti ya robo ya tatu hadi Alhamisi, na malipo ya mkandarasi yatasubiri maoni ya mkaguzi. Kama nimekosea mahali, naomba unisahihishe.» Ujumbe huu hauonyeshi kutomwamini. Unampa nafasi ya kujirekebisha, na unawalinda nyote wawili miezi sita baadaye, wakati kila mmoja atakuwa amesahau nani alisema nini.

Neno la mwisho katika hatua hii linahusu uchawa. Kumsifu bosi kila anapofungua kinywa, kumbebea mkoba na kumpelekea maneno ya wenzako kunaweza kukupa nafuu ya muda, lakini kuna gharama ambayo wengi huiona wakiwa wamechelewa. Wakuu wa idara huhamishwa, hustaafu na wakati mwingine hutenguliwa. Mtu anayefahamika kwa jina moja tu, yaani «mtu wa fulani», huondoka sokoni siku ile ile fulani anapoondoka. Kwa hiyo, pamoja na msimamizi wako, hakikisha wapo wakubwa wengine wawili au watatu wanaoijua kazi yako kwa macho yao: mkuu wa fedha ambaye taarifa zako humfikia zikiwa safi, mkuu wa idara jirani uliyemsaidia katika mradi wa pamoja, au mwenyekiti wa kamati uliyoiandikia mihtasari. Njia rahisi ya kufahamika kwao ni kujitolea katika kazi zinazovuka mipaka ya idara, kama ukaguzi wa mali, maandalizi ya zabuni au kamati ya usalama mahali pa kazi, ambazo wengi huzikwepa kwa kuwa hazina posho.

Hatua ya nne: Ishi na wenzako kwa heshima yenye mipaka

Ofisi ya Dar es Salaam ina ngazi mbili zinazoishi pamoja: ngazi ya cheo na ngazi ya umri. Dereva, mlinzi, mhudumu na mtunza masjala wanaweza kuwa chini yako kwa cheo na juu yako kwa umri, na salamu yako ndiyo itakayowaeleza kama unazijua ngazi zote mbili. Mwamkie aliyekuzidi umri kwa shikamoo hata kama wewe ndiye unayetia saini fomu yake ya likizo. Jifunze majina yao, na umwite mtu kwa jina ambalo mwenyewe hulipenda, liwe Mama Fulani, Mzee au Mhandisi. Zaidi ya adabu, watu hawa wanajua jalada liko kwa nani, mkurugenzi amerudi saa ngapi na gari lipi limeharibika, na hawana wajibu wowote wa kukuambia. Katibu muhtasi asiyekupenda hakufanyii ubaya wowote. Anakuacha tu usubiri.

Kijana aliyepewa kuongoza watu wa umri wa wazazi wake huwa na kibarua kigumu zaidi. Wengine hujikaza wakawa wakali ili waogopwe, wengine hulegea hadi kazi ikasimama. Kinachofaa ni kutenganisha salamu na agizo, kila kimoja kikapewa haki yake: «Shikamoo mzee. Nimefuata ile taarifa ya ghala; mkurugenzi anaihitaji saa nane mchana. Kuna kinachokwamisha nikusaidie?» Heshima imetolewa yote, muda umetajwa, na mzee ameachiwa nafasi ya kusema tatizo bila kuaibika. Ukilazimika kumkemea, mkemee faraghani na kwa ufupi, na usimtume kijana mwenzako akupelekee ujumbe huo.

Kuhusu majungu, usidhani kwamba kukaa kimya kunatosha. Anayekuletea maneno ya mwenzako anasubiri utoe lako alipeleke mbele, na kimya chako anaweza kukitafsiri anavyotaka. Mjibu kwa upole na kwa ufupi, «Hilo sikulijua. Umemuuliza mwenyewe?», kisha urudi kwenye kazi. Ukifanya hivyo mara tatu au nne, maneno yatatafuta meza nyingine. Iwapo maneno yenyewe yanakuhusu, mfuate anayetajwa kuyasema, mkiwa wawili, na umuulize kana kwamba huamini: «Nimesikia kuna jambo halikukupendeza katika taarifa yangu. Naomba uniambie mwenyewe nirekebishe.» Kama alisema kweli, utapata nafasi ya kujirekebisha au kujieleza, kama hakusema, mmepata kumjua wote wawili mchonganishi wenu.

Michango ni suala ambalo miongozo mingi ya kazi hulipita, nalo ndilo linalokula mshahara na mahusiano kwa pamoja. Harusi, send-off, kitchen party, ubarikio, maulidi, ugonjwa na msiba vyote huingia kwenye kundi lile lile la WhatsApp. Panga kiasi cha michango kwa mwezi kama unavyopanga kodi ya nyumba, na kikiisha sema kimeisha. Tanguliza msiba na ugonjwa, kwa kuwa asiyeonekana msibani hukumbukwa kwa muda mrefu kuliko asiyetoa mchango wa harusi. Kama huna fedha, nenda ukakae na wafiwa. Harusi toa kidogo kwa wote kuliko kutoa kikubwa kwa wakubwa na kuwaruka wadogo, maana orodha husomwa na kila mtu. Na wewe uliye mkuu wa idara, usisimamie mchango wa sherehe yako mwenyewe kwa watu walio chini yako, kwa sababu hakuna kati yao atakayekuambia kwamba ameona analazimishwa. Ukiombwa kuwa mweka hazina, kubali kwa sharti la kutumia laini ya simu isiyo ya matumizi yako na kutoa hesabu kwenye kundi siku ile ile shughuli inapokwisha.

Mikopo kati ya wafanyakazi iepuke kadiri uwezavyo. Anayekudai hawezi kukutathmini kwa haki, nawe huwezi kumkosoa anayekudai. Mwelekeze mwenzako kwenye SACCOS ya kazini kama ipo. Ukiamua kumkopesha, mpe kiasi ambacho kisiporudi hutabadilika uso unapokutana naye kwenye chai ya saa nne.

Mwisho, wataje wenzako kwa maandishi. Unapowasilisha taarifa iliyofanyiwa kazi na watu watatu, andika majina matatu na alichofanya kila mmoja, na mpe nakala mkuu wake. Kitendo hiki hakigharimu kitu, na bado ni nadra kiasi kwamba anayekifanya hutafutwa na kila anayeunda timu. Ukimtaja mwenzako leo, umepata msemaji katika chumba ambacho hutaingia.

Hatua ya tano: Chagua masomo yanayofungua mlango mahususi

Kabla ya kulipa ada ya shahada ya uzamili, tafuta tangazo la nafasi unayoitaka baada ya miaka mitatu, uone sifa inayotajwa kama ya lazima. Katika fani nyingi, sifa hiyo ni usajili wa bodi ya taaluma kuliko shahada ya pili. Mhasibu asiye na CPA, cheti cha juu cha uhasibu kinachotolewa na bodi ya wahasibu, NBAA, atafika mahali asimame, hata awe na shahada ngapi. Mitihani ya bodi hiyo hufanyika Mei na Novemba, kwa hiyo ratiba ya likizo ipangwe mapema. Mhandisi anahitaji usajili wa bodi ya wahandisi, ERB, na mtu wa ununuzi na ugavi anahitaji usajili wa bodi ya fani yake, PSPTB.

Anayetaka shahada bila kuacha kazi ana Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa mwaka 1992 kwa ajili ya wanafunzi wa namna hiyo, na programu za jioni katika vyuo vya katikati ya jiji kama Chuo cha Usimamizi wa Fedha, IFM. Hesabu hata hivyo saa za barabarani. Anayetoka kazini Posta, akasoma hadi saa mbili usiku, kisha akarudi Chanika, huvunjika mgongo kabla ya muhula wa pili. Mweleze msimamizi wako mpango huo kabla ya kujiandikisha, si tu kwa ajili ya ruhusa, bali ili siku nafasi ikipatikana aseme kwamba kuna mtu anayejiandaa.

Hatua ya sita: Omba cheo au mshahara kwa wakati wake

Ombi hufaulu likija kabla bajeti haijafungwa. Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai, na kampuni nyingi binafsi hufuata Januari hadi Desemba. Jua mwajiri wako anafuata upi, urudi nyuma miezi mitatu au minne, na hapo ndipo uombe mazungumzo. Usiombe siku ya mishahara, wala wiki ambayo kampuni imepoteza mteja mkubwa.

Nenda na karatasi mbili: ile ya majukumu yenye pande mbili, na ukurasa mmoja wa matokeo uliotolewa kwenye kumbukumbu zako. Sema unachokitaka kwa jina lake: «Tangu mwaka jana ninasimamia malipo ya matawi mawili, kazi ambayo haimo kwenye mkataba wangu. Naomba cheo cha mhasibu mwandamizi, na ningependa kujua kinachokosekana kama bado muda haujafika.» Usitumie kodi ya nyumba, ada za watoto wala mshahara wa mwenzako kama hoja, mwajiri hununua kazi, na hoja ya mahitaji humpa nafasi ya kukupa pole badala ya jibu. Ukikataliwa, omba vigezo na tarehe ya kurudia mazungumzo, kisha uviandike katika ujumbe wa shukrani.

Kuna mambo mawili ya kisheria ya kuyapima kabla ya kupokea. Nyongeza inayotolewa kama posho hupendeza mfukoni, ila malipo ya saa za ziada na kiinua mgongo hukokotolewa kwa mshahara wa msingi, hivyo jadili sehemu ya msingi kwanza. Pili, masharti ya sheria kuhusu saa za kazi hayamhusu mfanyakazi anayesimamia wengine kwa niaba ya mwajiri na kuripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu. Wapo waliopandishwa cheo wakajikuta wanapata kidogo kuliko walipokuwa wakilipwa saa za ziada. Piga hesabu.

Ukitakiwa kukaimu, kubali, lakini omba barua inayoonyesha tarehe ya kuanza na kumaliza, mamlaka uliyonayo na posho. Kukaimu bila barua ni kufanya kazi mbili kwa mshahara mmoja, huku makosa yote ya aliyeondoka yakiandikwa kwa jina lako. Katika utumishi wa umma, kukaimu kuna taratibu zake za kibali, na muda uliokaimu bila kibali huwa mgumu kuudai.

Hatua ya saba: Shughulikia mgogoro kwa mpangilio

Mgogoro wa kawaida uanzie chini. Zungumza na mhusika faraghani ndani ya siku mbili tatu. Ikishindikana, mtumie mtu wa makamo anayeheshimiwa na nyote. Ikishindikana tena, andika kwa msimamizi, kisha kwa rasilimali watu. Kama wewe ni mwanachama wa chama cha wafanyakazi, iwe TUICO, TUGHE au kingine cha sekta yako, mshirikishe mwakilishi mapema, usisubiri kumwita siku ya kikao cha nidhamu.

Ukipokea barua ya kutakiwa kutoa maelezo, usiijibu ukiwa na hasira. Jibu kila tuhuma kwa tarehe na ushahidi, ukiacha sifa zako na tabia za wengine nje ya barua. Kanuni za utendaji bora za mwaka 2007 zinakupa muda wa maandalizi usiopungua saa 48 kabla ya kikao cha nidhamu, na haki ya kusindikizwa na mfanyakazi mwenzako au mwakilishi wa chama.

Ukiachishwa kazi na ukaona hukutendewa haki, siku zinahesabika. Mgogoro wa kuachishwa unapaswa kufikishwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30, na migogoro mingine ndani ya siku 60. Wengi hupoteza haki yao wakisubiri bosi aliyeahidi kwamba «tutalimaliza kindugu». Mazungumzo hayo yaendelee, na fomu ya mgogoro iwasilishwe CMA. Mfanyakazi aliye chini ya miezi sita kazini hana kinga dhidi ya kuachishwa isivyo haki, na mtumishi wa umma hutakiwa kumaliza kwanza ngazi za rufaa za utumishi, ikiwamo Tume ya Utumishi wa Umma.

Mpangilio huu una ubaguzi mmoja. Anayedai ngono ili akupe ajira, cheo au safari ya kikazi hafai kufuatwa faraghani ili mzungumze. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inalitaja hilo kama kosa la jinai, na sheria ya ajira inahesabu unyanyasaji huo kuwa ubaguzi. Hifadhi ujumbe, andika tarehe na mahali, mwambie mtu mmoja unayemwamini, kisha toa taarifa TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, ambao namba yao ya bure ni 113.

Hatua ya nane: Ondoka vizuri

Jiji ni kubwa, ila kila fani ni kijiji, na bosi uliyemwachia ofisi vurugu utamkuta kwenye jopo la usaili mwingine. Usimwambie mtu yeyote kazini kabla hujashika mkataba mpya uliosainiwa. Kisha mjulishe msimamizi wako kwanza, kwa mdomo, ndipo upeleke barua. Kwa anayelipwa kwa mwezi, taarifa haipungui siku 28, isipokuwa mkataba unataka zaidi. Andaa jalada la makabidhiano lenye kazi zinazoendelea, tarehe zake, mahali nyaraka zilipo na watu wa kuwasiliana nao, na umkabidhi mrithi wako mbele ya msimamizi, wote mkitia saini.

Dai cheti cha utumishi, ambacho mwajiri analazimika kukitoa, pamoja na malipo ya likizo ambayo hukuichukua. Lipa unachodaiwa na wenzako na SACCOS kabla ya siku ya mwisho, uwaage mhudumu na mlinzi kama ulivyomuaga mkurugenzi. Namba yako ya uanachama wa NSSF haibadiliki: mpe mwajiri mpya hiyo hiyo, na baada ya mshahara wa pili angalia kama michango imeanza kuingia.